Rimu ya spoti ina ufa ndani: ichomelewe, itiwe tyubu au nitafute nyingine?

#1 MamaWawili_Kimara
Habari wakuu. Naomba msaada, hasa kwa waliokwisha kukutwa na hili na mafundi wenyewe.

Nina Toyota Allion yenye rimu za spoti (za aloi) zilizokuja nayo kutoka Japani, tairi 195/65R15. Wiki mbili zilizopita narudi nyumbani usiku, mvua inanyesha, mtaa umejaa maji, gurudumu la mbele kushoto likazama kwenye shimo ambalo sikuliona. Kilipiga kishindo mpaka mtoto aliyelala nyuma akaamka analia. Tangu siku hiyo nikifika 80 usukani unatetemeka, na upepo hautulii. Najaza psi 32, keshokutwa nakuta 20.

Fundi wa pancha alilivua akalizamisha kwenye lile pipa lililokatwa nusu. Tairi halina tundu hata moja. Mapovu yalitoka kwenye mdomo wa ndani wa rimu, madogo madogo, yanafuatana kama shanga. Akavua tairi, akafuta tope kwa kitambaa, tukaona ufa mwembamba kama unywele, urefu wa njiti ya kiberiti.

Kinachonishangaza ni kwamba palipobonyea kwa lile shimo ni upande mmoja, na ufa uko upande wa pili, karibu nusu ya mzunguko.

Fundi wa kwanza anasema atanyoosha na kuchomelea kwa 35,000. Wa pili anasema atie tyubu, 15,000, nisahau. Shemeji yangu anasema rimu ikishapasuka ni ya kutupa, ninunue seti. Ijumaa ya wiki ijayo nampeleka mama Korogwe na watoto wote wawili. Nani yuko sahihi?

#2 DerevaTaratibu
Pole dada. Tyubu usikubali.

Mwaka 2017 nilitiwa tyubu kwenye rimu yenye ufa kama wako. Upepo ulitulia kweli, nikasahau kabisa. Miezi minne baadaye, nakaribia Chalinze, kipande cha mdomo wa rimu ukubwa wa kiganja kikamegeka na tyubu ikapasuka kwa mpigo mmoja. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeshapunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Kule kupungua upepo ndiko kulikokuwa kunaniambia gurudumu ni bovu. Nilipotia tyubu nilijiziba masikio, na ufa ukaendelea kutambaa.

#3 Nahodha_77
Mnamtisha mama wa watu bure. Noah yangu, rimu ya nyuma kulia ilipasuka 2019, ikachomelewa kwa agoni (weldingi ya umeme) pale mtaa wa Gerezani, Dar, elfu 30. Nimekwenda nayo Mwanza mara tatu na kurudi. Haijapungua upepo hata kidogo. Mama, tafuta fundi mwenye mkono, achana na wanaotaka ukanunue seti nzima.

#4 FundiMakame
Salaam. Mimi nafanya kazi ya magurudumu mwaka wa 22 sasa, nusu Unguja nusu Dar. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Dada, kwanza uelewe umeambiwa nini na yale mapovu. Ufa ulioishia kwenye ule ukingo wa nje kabisa wa rimu hauvujishi, kwa sababu upepo unazibwa pale tairi linapokaa, chini ya ukingo. Kama wako unavujisha, maana yake umeshapita makalio ya tairi na kuingia tumboni mwa rimu. Hiyo njiti ya kiberiti mliyoiona huenda ni sehemu tu ya ufa wote.

Pili, rimu hizi ni za nini? Ni alumini iliyochanganywa na silikoni, kwa nyingi za kumimina inakuwa kama 7%, na magnesi kidogo sana. Ikishamiminwa inapikwa karibu nyuzi 540, inazamishwa ghafla, kisha inaokwa tena saa kadhaa kwenye nyuzi 150 hivi. Ule uokaji ndio unaoipa ugumu. Bila huo ungekuwa na rimu laini ya kubonyea kila tuta.

Sasa fundi akija na moto wa kuchomelea, pale pembeni ya mshono anaufuta ule uokaji. Mshono unaweza kuwa mzuri, umejaa, umesagwa ukang'aa, lakini sentimita mbili pembeni yake alumini imerudi kuwa laini. Inapopasuka tena mara nyingi haipasukii kwenye mshono, inapasukia kando yake. Nimeziona nyingi sana.

Na jambo moja ambalo vijana wa gesi hawalijui: chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Alumini haikuonyi. Inabaki na rangi yake ileile mpaka inaanguka. Ile safi inayeyuka kwenye 660, hii yenye silikoni inaanza kulegea chini ya hapo. Fundi anayepasha rimu kwa gesi ili aigonge hajui amefika wapi.

Kubonyea peke yake ni habari nyingine. Kubonyea kidogo kwenye mdomo wa ndani, bila ufa, kunanyooshwa kwa mashine ya kusukuma polepole na gurudumu linaishi. Ufa ulioingia tumboni, kwa gurudumu la mbele, mimi sichomelei hata kwa laki.

#5 Nahodha_77
Fundi Makame nakuheshimu, ila unachanganya gesi na agoni. Gesi ndiyo inayoharibu. Agoni ni ya kisasa, ndiyo inayotumika hata kwenye mabodi ya malori na matangi.

#6 FundiMakame
Mkuu Nahodha, sijachanganya. Kazi ya agoni ni kufukuza hewa ili mshono usiingie uchafu na vitundu. Hilo inalifanya vizuri sana. Ugumu ulioondolewa na joto hairudishi. Tangi halizunguki mara maelfu kwa safari huku limebeba robo ya uzito wa gari na kupigwa na kila shimo. Yako imedumu, nafurahi. Iko nyuma, na Noah, ukiwa peke yako, huwa nyepesi kwa nyuma.

#7 Kipanga_wa_Uyole
Mimi ninazo rimu nne za Harrier stoo, inchi 16, hazina mkwaruzo. Toyota kwa Toyota, matundu matano kwa matano. Njoo inbox tuongee bei ya ndugu.

#8 Mwanaisha_Pangani
Kipanga, kabla dada hajapoteza nauli: Harrier ni 5x114.3 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3), Allion ni 5x100. Matundu matano yote lakini duara lake si moja. Hata ukilazimisha nati mbili, ya tatu haifiki.

Kwa wasiojua kupima: kwenye matundu matano huwezi kupima moja kwa moja kwa sababu hakuna tundu linalotazamana na lingine. Pima katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu la jirani. Ukipata kama 59 mm, hiyo ni 100. Ukipata kama 67 mm, hiyo ni 114.3. Rula ya mtoto wa shule inatosha.

Premio, Allion na Wish ni 5x100. Vitz, Passo na Spacio ni 4x100. Harrier, RAV4, Noah na Mark X ni 5x114.3.

#9 Kipanga_wa_Uyole
Asante kwa kunisahihisha. Basi aliye na RAV4 ajitokeze.

#10 Chaurembo_Tabata
Na Subaru je? Nina uhakika Impreza ya zamani ni 5x100 pia. Sokoni zimejaa.

#11 Mwanaisha_Pangani
Ni kweli, 5x100. Ila tazama tundu kubwa la katikati. Habu (kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo) ya Toyota hizi ni 54.1 mm, ya Subaru ni 56.1. Rimu ya Subaru inaingia kwenye Allion lakini inabaki na nafasi ya milimita 2, inatakiwa pete ya kujazia, la sivyo utapiga balansi mpaka uchoke na usukani utaendelea kutetemeka. Kinyume chake, rimu ya Allion kwenye Subaru haiingii kabisa. Nimeona kijana anaitia tupa katikati ili iingie, nikasikitika.

#12 Bi_Mkubwa_wa_Spea
Nauza spea mtumba mwaka wa 9. Dada, usinunue seti kwa ajili ya rimu moja. Rimu moja moja zipo, hasa za Allion na Premio, kwa sababu kila gari linalokatwa linaacha nne na watu wanachukua mbili au tatu. Nenda na picha ya ile yako mbele na nyuma. Usinunue iliyovalishwa tairi tayari, mwambie muuzaji avue. Akikataa, ondoka.

Ikishavuliwa, pitisha ncha za vidole ndani mzunguko mzima, polepole, macho umefumba. Kidole kinasikia bonde ambalo jicho halioni. Halafu tazama rangi ya ndani. Rimu ya Japani ndani ina rangi nyembamba ya kijivu, au alumini yenyewe yenye mistari ya mashine. Ukikuta ndani imepakwa rangi nene ya fedha inayong'aa kuliko nje, jiulize wanaficha nini.

#13 MamaWawili_Kimara
Asanteni sana, sikutegemea kujifunza haya yote. Bi Mkubwa, nimefanya ulivyosema kwenye rimu yangu mwenyewe. Nimefumba macho nikapitisha vidole. Palipobonyea nimepasikia, kama upana wa vidole vitatu. Lakini pale kwenye ufa nimesikia kitu kingine: pana kama mwinuko mlaini, upana wa kidole. Na rangi ya pale ni nyeupe kidogo kuliko kwingine. Kwa nyuma ya spoki imeandikwa JWL, pembeni VIA, na 15x6JJ.

#14 Chaurembo_Tabata
Basi jibu limepatikana. Rimu ilishawahi kutengenezwa kabla hujanunua gari. Waliigonga au waliichomelea, wakasaga, wakapaka. Shimo lako limeamsha kidonda cha zamani.

#15 Mkaguzi_Mstaafu
Haraka hiyo, kijana. Zipo sababu nyingine za ufa kutokea mbali na pigo. Moja ni ile mashine ya kufungulia tairi, au mbaya zaidi, nondo na nyundo pale kando ya barabara. Fundi anaegemeza nondo kwenye mdomo wa ndani, anaung'oa kwa nguvu, kila pancha mahali palepale. Ule mwinuko unaweza kuwa alama ya nondo.

JWL ni alama ya kanuni za Kijapani za rimu za aloi, na VIA inaonyesha imepitishwa na chombo chao cha majaribio. Rimu inapindwa ikizunguka, inabebeshwa mzigo ikizunguka, na inadondoshewa uzito. Kwa hiyo ilizaliwa salama. Kilichotokea baada ya kuzaliwa ndicho tunachokitafuta.

#16 Mdau_wa_Leicester
Niko Uingereza, ila nimekulia Ilala. Huku ufa kwenye rimu ukionekana kwenye ukaguzi wa kila mwaka gari linaanguka, hakuna mjadala. Kukwaruzika kwa kingo za barabara kunatengenezwa kila kona: wanavua rangi kwa dawa, wanajaza, wanapaka poda na kuoka. Zile za uso uliochongwa kwa mashine ukang'aa haziwezi kuchongwa mara nyingi, kwa kuwa kila mara unapunguza alumini. Kuchomelea nyufa bado kuna watu wanafanya, lakini chama cha watengenezaji wa magurudumu Ulaya kinakataza kabisa kuchomelea na kupasha moto rimu iliyopinda au kupasuka.

Kuhusu #14 na #15, naona kuna la tatu: kutu ya alumini. Pale panaponatishwa vile vizito vya balansi, maji yanakaa, panafanya unga mweupe, panakula. Dada, hapo kwenye ufa kulikuwa na kizito?

#17 MamaWawili_Kimara
Kizito kilikuwepo, ndiyo, ila kama kiganja kizima mbali na ufa. Unga mweupe upo pembezoni pote panapokaa tairi, sikujua kama ni kutu.

#18 FundiMakame
Huo unga karibu kila gari la Dar na Unguja linao, hewa ya bahari hiyo. Wenyewe unavujisha upepo taratibu, 2 au 3 kwa wiki, na dawa yake ni brashi ya waya laini na dawa ya kuziba mdomo. Hauwezi kutoa 12 kwa siku mbili. Mdau, kutu peke yake nakataa.

#19 Jirani_wa_Ngong
Wadau, habari kutoka Nairobi. Mimi rim yangu ya X-Trail ilipinda, nikaipeleka Kirinyaga Road, ikanyooshwa na mashine ya haidroliki, bila moto. Jamaa alifunga rim kwenye mashine, akaweka geji ya mshale, akawa anasukuma kidogo, anazungusha, anasoma, anasukuma tena. Ilichukua kama saa moja. Kitabu cha Nissan kinataka mchezo wa rim ya aloi (kuyumba kwake inapozunguka) uwe chini ya 0.3 mm, akaifikisha hapo karibu. Mpaka leo usukani umetulia. Hivyo Fundi Makame yuko sawa kuhusu kupinda. Kuhusu crack, jamaa huyohuyo aliniambia yeye hachomelei za mbele.

#20 DerevaTaratibu
Kwa wasio na geji ya mshale: inua gari kwa jeki, weka tofali chini, lalisha bisibisi juu yake mpaka ncha ikaribie mdomo wa rimu, nafasi ya karatasi. Zungusha gurudumu kwa mkono. Pale ncha inapogusa na pale inapoachia mwanga, unaona mwenyewe rimu inacheza kiasi gani. Haikupi namba, ila inakuonyesha kama ni rimu au ni balansi tu.

#21 Nahodha_77
Hapo kwa Jirani na DerevaTaratibu nawaunga mkono. Lakini hakuna anayejibu swali langu: mbona zangu zimedumu? Na siko peke yangu. Nendeni Gerezani mhesabu rimu zinazochomelewa kwa siku. Zingekuwa zinamegeka zote barabara zingejaa maiti.

#22 Mkaguzi_Mstaafu
Nahodha, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa heshima. Waliomegekewa hawarudi Gerezani kutoa taarifa. Ajali ikitokea polisi anaandika mwendo kasi au tairi kupasuka, na rimu inaishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo fundi anawaona tu wale waliopona, na wewe umo.

#23 Nahodha_77
Sawa mzee. Ila na wewe huna hesabu ya waliokufa.

#24 Mkaguzi_Mstaafu
Kweli, sina.

#25 Chaurembo_Tabata
Mimi narudi kwenye rimu za chuma. Tangu nimeachana na spoti nalala usingizi. Chuma kikiingia shimo kinabonyea, unakipiga nyundo, unaendelea na safari. Spoti inapasuka. Hizi zimetengenezwa kwa barabara za wenzetu.

#26 Mwanaisha_Pangani
Chaurembo, nusu yake ni kweli. Kilichoziponza spoti nyingi si alumini yenyewe, ni kupandisha inchi. Piga hesabu: tairi 195/65R15 lina ukuta wa karibu 127 mm kati ya rimu na lami. Ukiweka 215/45R17 ukuta unabaki 97 mm. Umetupa sentimita 3 za mpira zilizokuwa zinakulinda, kwa ajili ya kupendeza. Dada ana 15 zilizotoka kiwandani, kwa hiyo ana ukuta wa kutosha. Ndiyo maana hata mimi nashangaa zilivyopasuka.

#27 Kipanga_wa_Uyole
Mimi naona wote mmesahau upepo wenyewe. Dada anasema anajaza 32. Kabla ya siku ile ya shimo, nani alikuwa amepima? Ikiwa tairi lilikuwa na 22, mpira ulibanwa mpaka rimu ikagonga ukingo wa shimo, na inawezekana iligonga mara mbili, kuingia na kutoka. Gurudumu lilikuwa linazunguka, kwa hiyo alama mbili, sehemu mbili. Hapo unapata bonde huku na ufa kule.

#28 FundiMakame
Kipanga, hii imenifikirisha. Kwa mwendo mdogo, kuingia na kutoka kwenye shimo la mita moja, gurudumu la inchi 15 linazunguka karibu nusu. Mzunguko mzima wa tairi hilo ni kama mita 2. Inawezekana kabisa.

#29 Bi_Mkubwa_wa_Spea
Leo Kipanga kafunga bao.

#30 Mdau_wa_Leicester
Nje ya mada kidogo: huku ukivunjiwa rimu na shimo unaweza kuidai halmashauri. Unapiga picha shimo na rula ndani yake, unaambatanisha risiti. Ila sheria ya barabara ya 1980, kifungu cha 58, inawapa utetezi: wakionyesha walikuwa wanakagua ile barabara kwa utaratibu unaostahili, hupati kitu. Mimi niliwahi kukataliwa hivyo.

#31 Chaurembo_Tabata
Sasa Mdau ukituambia sisi tupige picha na rula, mashimo mengine huku rula inazama.

#32 Jirani_wa_Ngong
Na bima kubwa nayo usome vizuri. Nyingi hazilipi tairi lililopasuka au kukatwa barabarani kama hakuna uharibifu mwingine wa gari kwa tukio lilelile. Mimi nililipa mwenyewe.

#33 DerevaTaratibu
Turudi kwa dada. Usisahau kulikagua na tairi lenyewe. Pitisha kiganja ukutani, ndani na nje. Ukikuta uvimbe kama yai la kware, nyuzi za ndani zimekatika, na hilo tairi halina matengenezo. Na mtu aangalie shokapu na stelingi kabla ya alaimenti.

#34 MamaWawili_Kimara
Wakuu, nimerudi na taarifa.

Jumatano nilikwenda na shemeji. Tuliangalia rimu sita. Mbili zilikuwa na rangi ya fedha nene ndani kama alivyosema Bi Mkubwa, na muuzaji alikataa kuzivua tairi, tukaondoka. Ya sita ilikuwa ya Premio, JWL na VIA zipo, ndani mistari ya mashine inaonekana safi, nimeipata 90,000. Tairi langu halina uvimbe, likahamishiwa humo. Balansi, alaimenti, na nimekwenda Korogwe na kurudi. Mpaka 100 usukani umetulia, na upepo ni 32 palepale.

Jambo moja nusura litupite. Fundi alitaka kufunga nati za ncha ya koni alizokuwa nazo, za zangu moja ilikuwa imeliwa. Shemeji akakataa, akasema spoti za Toyota zenyewe zinatumia nati zenye kisosi bapa, na koni ni ya rimu za chuma au spoti za kununua nje. Tukapata moja ya kisosi.

#35 FundiMakame
Mpe shemeji mkono kwa niaba yangu. Koni kwenye tundu la kisosi bapa inagusa ukingo mwembamba tu, inajiona imekaza kumbe inachimba, na baada ya safari inalegea. Nati hizo zinataka 103 Nm kwa spana yenye kipimo, na zirudiwe baada ya kilomita 50 mpaka 100. Ulirudia?

#36 MamaWawili_Kimara
Tulirudia Chalinze, fundi. Mbili zilisogea kidogo.

Na ile mbovu ninayo hapa nyumbani. Mnunuzi wa chakavu kaja mara mbili.

#37 Bi_Mkubwa_wa_Spea
Usimpe nzima! Nakuomba. Rimu kama hiyo ikienda nzima inachomelewa, inasagwa, inapakwa rangi ya fedha, na mwezi ujao inarudi sokoni kwa dada mwingine mwenye safari ya Korogwe. Ikate kwanza.

#38 Mkaguzi_Mstaafu
Naunga mkono. Na unapoikata utusaidie kumaliza ubishi. Kata kwa msumeno wa chuma pande zote mbili za ufa, kisha ushike kile kipande kwenye jiriwa ukipinde mpaka ufa ufunguke. Tazama uso wa ndani. Palipopasuka zamani pamefifia na kuwa peusi, palipopasuka juzi panang'aa kama sukari.

#39 MamaWawili_Kimara
Shemeji amekata leo asubuhi. Nimekishika mkononi sasa hivi. Ufa una urefu wa karibu sentimita 6, kumbe mwingi ulikuwa umefichwa na rangi. Upande wa ukingo, kama theluthi moja, ni mweusi wa kijivu, umefifia. Kuanzia hapo kwenda tumboni unang'aa, una punje punje. Na katikati ya ile sehemu nyeusi kuna vitundu vitatu vidogo kama vya sindano.

#40 Chaurembo_Tabata
Vitundu! Hiyo ni weldingi. Mshono mbaya ndio wenye vitundu. Nilisema tangu #14.

#41 Mdau_wa_Leicester
Au ni vitundu vya kumiminwa. Hata rimu nzuri ya kumimina inaweza kuwa na vitundu ndani, na ufa unapenda kuanzia hapo.

#42 Mkaguzi_Mstaafu
Kilichothibitika ni kwamba theluthi moja ilipasuka kabla ya shimo la dada. Kwa nondo, kwa kuchomelewa au kwa kumiminwa, bado nashikilia nondo.

#43 Kipanga_wa_Uyole
Weusi unaweza kuwa maji ya sabuni ya pipa na tope la wiki mbili. Dada aliendelea kuliendesha. Mimi nabaki na mapigo mawili.

#44 FundiMakame
Kipanga, tope la wiki mbili lingeingia mpaka mwisho wa ufa, lisingeishia theluthi. Ila vitundu vitatu tu sivielewi. Mshono mbaya niliouzoea una vitundu kama sponji. Dada, kama una nafasi, nitumie hicho kipande kwa boti, nikisugue na kukitazama kwa kioo cha kukuza.

#45 Nahodha_77
Na mimi nimesoma mpaka hapa. Kesho navua ile ya nyuma kulia nifumbe macho nipitishe vidole. Bi Mkubwa, ukiwa na ya Noah inchi 15, 5x114.3, nibakizie moja.

#46 MamaWawili_Kimara
Fundi, kipande nakituma Jumatatu na boti ya asubuhi. Na zile tatu zilizobaki kwenye gari leo jioni nazipaka povu moja moja.